Moshi Juu ya Maji

Mwera ukishachoka kuvuma na ziwa likatulia, siku moja asubuhi utatoka nje pale Mbamba Bay uone moshi umesimama juu ya maji. Hauko karibu. Uko kule ambako mwenye mtumbwi mdogo hathubutu kwenda: nguzo ya kijivu iliyopinda kidogo kiunoni, pembeni yake nyingine, na nyingine tena, kana kwamba kijiji kizima kimeamka na kuinjika vyungu. Lakini pale hapana kijiji. Chini ya moshi ule ni Ziwa Nyasa tupu, ambalo penye kina chake kikubwa linafika mita 700 hivi.

David Livingstone alipopita ziwani mwaka 1861 aliuona kwa mbali, akadhani ni mbuga nzima ya nyasi inaungua. Ng'ambo ya pili alikuwa haioni, basi yeye na wenzake wakaamini kwamba nchi kavu imekaribia na kwamba ziwa linaishia pale. Kesho yake chombo chao kikapita katikati ya moshi wenyewe. Walichokikuta nitakisema mahali pake.

Tuje kwanza kwenye mwamba.

Hapo zamani, wanyama wa mwambao walipokuwa bado wanasemezana, pimbi na kenge walikaa kwenye mwamba mmoja, mmoja wa yale majabali ya mviringo yanayoingia ziwani kama vichwa vya viboko. Pimbi walikaa kwenye nyufa za juu, kenge kwenye nyufa za chini. Alfajiri wote walitoka na baridi mifupani, wakajilaza kwenye jiwe lile lile kuota jua, ubavu kwa ubavu, manyoya na magamba. Muda huo hakuna aliyemkera mwenzake. Ukipita kando ya ziwa usingejua kwamba wana ugomvi wowote. Ugomvi ulianza jua likishawapasha moto.

Ugomvi wao ulikuwa moshi.

Pimbi waliamini kwamba chini ya ziwa yuko Mpishi. Hoja yao waliirithi kwa mababu, na ilikuwa fupi: pafukapo moshi pana moto, moto haujiwashi, aliyeuwasha anapika, na anayepika ana watu anaotaka kuwalisha. Basi sisi ndio watu wake. Moshi ulipoonekana, pimbi wazee walisimama kwenye kilele cha mwamba wakapiga ile sauti yao kali inayopanda na kukatika, na watoto wakafundishwa kutocheza mpaka moshi utoweke.

Kenge walisema maji hayaungui. Hapana moto, hapana mpishi, na anayekula kwa macho atalala na njaa. Ule ni ukungu, na ukungu ni ukungu. Hawakukosa pa kuegemea. Mpaka leo watu wa ng'ambo, Malawi, huuita moshi ule nkhungu, na neno hilo hilo ndilo lao la ukungu.

Kila mwezi mwandamo walikutana kwa mdahalo. Mzee Kobe alikuwa mwenyekiti kwa kuwa alikuwa mzito, hakuna aliyeweza kumsukuma. Alichora mstari kwenye jiwe kwa ukucha. Kivuli kikifika kwenye mstari, msemaji anakaa. Pimbi walikaa kulia, kenge kushoto. Nyani, mnandi na ndege wengine wa majini walikaa nyuma wakisikiliza, na kila mmoja alikuwa amekwishachagua upande kabla hajaondoka kwake.

Wasomaji wangu wa makamo wanaijua picha hii. Tangu miaka ya 1980 tumekuwa na mihadhara katika viwanja vya miji yetu: meza mbili, vipaza sauti, Biblia na Kurani zilizowekewa vipande vya karatasi kwenye aya za kumnasia mwenzako. Wasemaji wengine walikuwa na elimu ya kweli. Lakini umati ulikuwa ukishangilia kama uwanjani mpira ukigusa nyavu, na mtu aliyekuja na swali lake la dhati, lile la usiku wa manane, alirudi nalo nyumbani vile vile. Kenya, mwaka 2016, jumuiya ya watu wasioamini Mungu iliposajiliwa rasmi, malalamiko yalikuwa makubwa hadi usajili ukasitishwa, kisha ukarudishwa. Nakumbuka katika kelele zile zote nilitamani kumsikia mtu mmoja tu akimuuliza mwenzake: ilikuwaje kwako? Ulianzaje kuamini, au uliachaje?

Siku moja pale mwambani swali hilo lilijibiwa bila kuulizwa. Mzee wa pimbi alikuwa amemaliza kusema, na mzee wa kenge alikuwa anapanda jukwaani, wakati mama mmoja wa pimbi aliponyanyuka bila ruhusa ya Kobe.

"Mimi sijui hoja," alisema. "Mwaka ule tai alimchukua mwanangu mbele ya macho yangu. Nilikaa siku nyingi siwezi kula wala kulala. Kisha asubuhi moja nikauona moshi. Nikasema moyoni, basi yuko anayekesha. Usiku ule nililala."

Akakaa.

Mzee wa kenge alikuwa na ulimi mwepesi. Akasema, "Basi mama, ulibembelezwa na ukungu," na upande wake ukacheka. Mzee wa pimbi naye akaruka kileleni akapaza sauti: "Mmesikia? Huo ndio ushahidi!" na upande wake ukashangilia. Kivuli kikafika kwenye mstari. Kobe akafunga kikao.

Mimi nimehudhuria mazishi mengi, na nasema kwa uchungu: wote wawili walimtumia yule mama. Mmoja alimkanyaga ili apate kicheko, mwenzake akamnyanyua juu kama bendera, na hakuna aliyemwendea kukaa naye. Aliondoka peke yake akaingia katika ufa wake. Vijana wawili walioliona jambo hilo ndio walioigeuza hekaya hii.

Wa kwanza alikuwa binti wa mama yule, dada wa aliyechukuliwa. Yeye alikuwa na swali ambalo hakuwahi kulitamka: kama Mpishi anakesha, siku ile ya tai alikuwa wapi? Aliwahi kulisogeza karibu na midomo mbele ya babu yake, akaambiwa swali kama hilo humzimia Mpishi moto. Akalimeza. Tangu siku hiyo alipiga ukelele wa alfajiri kwa nguvu kuliko wote, asije mtu akasikia kilichomo ndani.

Wa pili alikuwa kijana wa kenge. Yeye alikuwa na jicho la kuchunguza, na jicho lake lilikuwa limemletea taabu. Aliona kwamba ukungu wa kweli, ule unaolala bondeni asubuhi, jua likipanda hutawanyika na kwisha. Ule wa ziwani jua likipanda nao ulizidi kupanda. Alipomweleza baba yake, aliambiwa, "Leo umeanza na swali, kesho utapiga kelele na pimbi kileleni." Naye akalimeza.

Usiku wa siku ya mdahalo ule wakakutana chini ya mwamba, mahali nyufa za juu na za chini zinapoungana. Kila mmoja alidhani mwenzake amekuja kumpeleleza. Walinyamaza kwa muda mrefu, mawimbi yakipiga na kurudi.

"Mimi sina hakika na Mpishi," binti wa pimbi akasema hatimaye.

"Mimi sina hakika na ukungu," akasema kijana wa kenge.

Wakakaa hivyo, na nadhani hakukuwahi kufanyika ibada wala uchunguzi mwambani pale uliokuwa wa kweli kuliko ukimya ule.

Kulipokaribia kucha wakamfuata Fisi Maji. Wanyama wote walimwita Shangazi. Alikuwa mzee, masharubu meupe, na hakuwa wa upande wowote kwa sababu mwezi ukiwa umefichama, siku zile zile za midahalo, usiku alikuwa akienda kazini. Aliwafuata wavuvi wa usipa. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa zao juu ya maji, siku hizo karabai na siku hizi taa za sola, na usipa hupanda kwenye mwanga kwa maelfu, wakimetameta kama sindano zilizomwagika. Shangazi alikuwa akijipatia riziki yake pembezoni mwa nyavu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, wanangu. Leo mmekuja wawili, na kwa njia moja. Kuna msiba?"

"Hapana. Tunataka kujua ule moshi ni nini. Wewe unaweza kwenda. Mbona hujawahi kwenda?"

Fisi Maji alijikuna shingo. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema. "Kila mwezi nawasikia mkijibizana. Nilidhani mnajua."

Habari zikavuja, kama kawaida. Asubuhi wazee wa pande zote mbili walikuwa ufukweni kumzuia. Mzee wa pimbi alisema kwenda kumchungulia Mpishi jikoni ni utovu wa adabu. Mzee wa kenge alisema kwenda kutazama kisichokuwepo ni kukipa heshima kisichostahili. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kukubaliana. Fisi Maji aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa heshima yao, kisha akaingia majini.

Alikaa huko siku tatu.

Siku ya nne alirudi amechoka, manyoya yamekuwa meusi ti. Alipopanda jiweni na kujikung'uta, weusi ule ukaruka hewani. Vilikuwa visubi. Visubi vidogo mno, visivyouma, maelfu na maelfu, na vingine vilikuwa vimebaki kwenye masharubu yake vikitikisa mbawa.

"Huo ndio moshi wenu," alisema.

Akawasimulia. Nguzo ile ni visubi vinavyocheza hewani, dume na jike, juu kupita mti wowote, na ukiwa ndani yake husikii kitu ila mvumo. Maji ya chini yake yamefunikwa na maganda matupu, membamba kama ngozi ya kitunguu, kila ganda limepasuka mgongoni. Jioni yake alitumbukiza kichwa majini akaona yanapotoka. Kutoka chini kulikuwa kunapanda vijidudu vilivyo wazi kama kioo. Ukiviangalia huvioni, unaona tu vijicho viwili vyeusi na jozi mbili za vijipovu vya hewa ndani ya kitu kisichokuwepo. Usiku kucha vilikula karibu na uso wa maji. Alfajiri vikaanza kushuka.

"Nikavifuata," alisema Shangazi. "Vikashuka, nikashuka. Rangi ya kijani ikaisha, ya buluu ikaisha. Masikio yakaniuma. Baridi ikaingia. Samaki wakapungua. Nikaona chini yangu giza, na vile vidudu vinaingia humo kama watu wanaorudi kwao. Pumzi ikanishinda. Nikageuka."

Visubi hivyo ndivyo alivyovikuta Livingstone pia: chombo chake kilipita katikati ya wingu la visubi, na wenyeji, aliandika, walivikusanya usiku na kuvipika mikate minene. Na wanasayansi wa siku zetu wamethibitisha habari ya giza. Kupita mita 200 na kidogo kwenda chini, maji ya Ziwa Nyasa hayana hewa ya kuvuta. Hakuna samaki anayekaa huko. Vijidudu vya kioo hushuka mchana vikajificha kule ambako mlaji hawezi kuvifuata, na usiku hupanda tena kula. Sehemu kubwa ya ziwa tunalolipenda ni giza hilo, nasi tunaoga ukingoni.

Pale mwambani palizuka kelele.

"Nilisema!" mzee wa kenge aliita. "Hakuna mpishi!"

"Ulisema ni ukungu, baba," kijana wake alisema.

"Ukungu, visubi, ni mamoja. Si moto."

"Nilisema!" mzee wa pimbi aliita kutoka kileleni. "Hicho ni chakula. Na chakula hakitoki pasipo mpishi."

"Ulisema ni moshi, babu," mjukuu wake alisema.

"Moshi, chakula, ni vya jikoni vyote."

Nimelifikiria sana jambo hili. Wote wawili walikuwa wamekosea kuhusu kitu walichokiangalia maisha yao yote, na njia ya kutokea ilikuwa neno moja jepesi, *nimekosea*, ambalo watoto wetu tunawafundisha kulisema wakimwaga maji. Hakuna aliyelisema. Mwenye imani aliogopa kwamba akilegeza moshi ataangukiwa na vyote. Asiye na imani aliogopa hivyo hivyo. Mimi ni mtu ninayesali, na ninaandika haya nikijua kwamba mara nyingi nimeshikilia moshi nikidhani nimemshika Mungu.

Kelele zikiendelea, mama yule wa pimbi alishuka polepole mpaka alipokaa Fisi Maji. Akavitazama visubi vilivyobaki kwenye masharubu yake.

"Kwa hiyo usiku ule," aliuliza, "aliyenilaza ni hawa?"

Kimya kikatanda jiweni. Wazee wote wawili walitega masikio, kila mmoja akingoja jibu la kumpa ushindi.

Fisi Maji alikaa kitambo. "Mama," alisema, "moshi ule najua ni nini, kwa sababu nimefika. Kilichokulaza sikijui. Huko sijafika."

Hapa Ruvuma tuna jambo tunalopaswa kulisogelea kwa unyenyekevu wa Fisi Maji. Mwaka 1905 watu wa kusini walikwenda vitani wakiamini maji ya dawa yatazigeuza risasi kuwa maji, na Wajerumani walikuja wakiwa na hakika yao wenyewe kwamba nchi hii wamepewa waistaarabishe. Hakika hizo mbili zilipokutana, nchi ilibaki majivu na njaa. Tarehe 27 Februari 1906, pale Songea, makumi ya wakuu wa Wangoni walinyongwa. Kabla ya kitanzi padri wa Kibenediktini aliwaendea, na wengi walikubali kubatizwa, wengine walikataa. Nimewasikia watu wakisema kwa uhakika kwamba waliobatizwa waliokoka, na wengine wakisema kwa uhakika ule ule kwamba walilazimishwa na hofu, au kwamba waliokataa ndio mashujaa pekee. Kila mwaka tarehe hiyo ikifika husimama nikajiuliza: nani kati yetu alishuka hadi mle ndani, usiku ule, katika kifua cha mtu anayesubiri kamba? Tunajua walinyongwa, na nani aliyefunga fundo. Lililokuwa moyoni mwao liko chini ya mita 200.

Mama wa pimbi hakujibu. Alikaa karibu na Shangazi, akaanza kumtoa visubi manyoyani, kimoja kimoja, kama anavyofanyiwa mtoto.

Wazee walikuwa wamerudi kwenye mabishano. Kobe alikuwa amechora mstari mpya. Hakuna aliyeangalia ziwani, kwa hiyo hakuna aliyeona upepo umegeuka. Nguzo ya kwanza ililala, ikanyooka kuelekea nchi kavu, ikaja. Jua lilififia kama limepitiwa na kitambaa. Kisha ukaja mvumo, na mara mwamba wote, pimbi, kenge, nyani, mnandi na mwenyekiti ndani ya gamba lake, ukafunikwa na visubi. Viliingia masikioni, puani, na kwa kuwa midomo ya wasemaji ilikuwa wazi, vikajaa midomoni.

Mdahalo ukakoma. Kulikuwa hakuna la kufanya ila kufumba macho na kutafuna. Kwa muda wa kivuli kizima mwambani pale halikusikika neno, ila ndimi na taya. Vilikuwa na ladha ya samaki na ya chumvi kidogo. Mzee wa kenge alikula. Mzee wa pimbi, ambaye ukoo wake ni wa majani, naye alimeza, akalamba mdomo wa juu, akakaa kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu, kama alfajiri.

Wingu lilipopita kuelekea milimani, upande wa Mbinga, jioni ilikuwa imeingia. Wale vijana wawili walishuka mpaka kwenye jiwe la mwisho, linalolambwa na maji. Ziwa lilikuwa limetulia, na mbali taa ya kwanza ya wavuvi ilikuwa imewaka.

Binti wa pimbi hakujua kuogelea. Kijana wa kenge alivuta pumzi, akazamisha kichwa na shingo, mkia wake umeshika jiwe. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka maji yalimtiririka machoni.

"Umeona nini?"

"Giza. Na vile vya kioo vinapanda."

"Vingi?"

"Sikumaliza kuvihesabu."

Binti alisogea mpaka miguu yake ikalowa, akaushika mkia wa kenge kwa mikono yote miwili asije akateleza.

"Tazama tena," alisema. "Uniambie."